Jiwe Lisiloonyeshwa Jua

Ukifika kwa Madam, kitu cha kwanza kupewa hakikuwa kiti wala maji. Lilikuwa jiwe. Alilitoa kwenye kitambaa cheusi, akalibandika kwenye kiganja chako kabla hujamaliza kusema hodi, kisha akakutazama usoni. Jiwe jekundu, ukubwa wake hauzidi yai la kuku, lakini mkono wa kila mtu ulishuka. Niliwahi kuona mkono wa diwani ukishuka, na wa katekista, na wa fundi chuma anayebeba nondo kila siku. Madam alicheka kicheko chake cha puani, akasema, "Umeona? Macho yamekudanganya." Halafu alilirudisha kitambaani upesi, akafunga fundo, akakuelekeza kwenye ndoo na sabuni. "Haya, kanawe mikono." Baada ya hapo ndipo ulipokaribishwa ukae.

Tulimwita Madam, basi. Alitufundisha kemia sekondari hapa Mpanda, mimi na watu wazima wengi unaowaona wakipita barabarani na vitambi vyao, na alipostaafu akajenga huko Kakese, jirani na kwangu, tukatenganishwa na uzio wa minyaa. Kwa hiyo nimemjua mara mbili. Kwanza mimi nikiwa mwanafunzi niliyekuwa nikimkimbia, halafu yeye akiwa jirani aliyekuja kuazima ungo akaondoka na habari za nyumba yangu nzima. Ana jina lake, bila shaka, na wapo wanaolitumia. Mimi sijawahi, na sianzi leo.

Lile jiwe linaitwa sinaba. Madam alilifundisha kipindi kizima, ingawa sidhani kama kwenye mtihani lilihitaji hata sentensi mbili. Ndani ya sinaba mna zebaki na mna salfa, ile salfa ya kiberiti, na hivyo viwili vimeoana barabara. Ndiyo maana unaweza kulishika jiwe, ukanawa mikono, ukaendelea na maisha yako. "Ndoa yao ni imara," alituambia, "lakini moto ndiyo talaka." Ukilichoma, salfa inakwenda kivyake na zebaki inapaa kivyake, moshi usio na rangi, na anayeuvuta hajui kwamba anauvuta. Alitueleza kwamba jiwe lenyewe ni laini, unaweza karibu kulikwaruza kwa ukucha, kwamba ukilisugua juu ya kigae linaacha mstari mwekundu unaong'ara, na kwamba halipendi jua. Liache juani muda mrefu, wekundu wote unaanza kuingia weusi. Hapo ndipo tulipoelewa kile kitambaa.

Na makao yake je? Hapo Madam alikuwa anashusha sauti, kama mtu anayetoa siri ya familia. Sinaba hukaa karibu na volkano za zamani na penye chemchemi za maji ya moto, alisema, maana maji hayo yanapanda kutoka chini sana na yanapanda na vitu vyake. Wahispania wamelichimba, Wachina wamelichimba. Kisha aliwageukia wanafunzi waliotoka bonde la Mpimbwe. "Na sisi tuna Majimoto. Nyie wa Majimoto mnaoga maji hayo, mnayapita mkienda kuvuna mpunga. Mkienda likizo, fungueni macho." Shule ikifunguliwa walimletea mawe mekundu ya kila aina, mpaka nje ya maabara kukawa na rundo. Aliyapima yote, moja moja, kwa heshima. Hakuna hata moja lililokuwa lenyewe. Nakwambia, yule mama alilitaka jiwe hilo litoke Katavi kuliko mtu mwingine anavyotaka mjukuu.

Sasa lake alilipata wapi? Hapo sina msaada. Darasani alisema aliachiwa na padri aliyekuwa anarudi kwao. Miaka baadaye, tukichambua mchele kwenye baraza langu, akaniambia alipewa na mkufunzi wake chuoni kwa sababu alikuwa wa kwanza darasani. Kwenye msiba mmoja nikamsikia akimsimulia mtu kwamba alilitoa kwa mtafiti wa madini kwa kubadilishana na jogoo. Mtu ambaye hakukubali uongo hata wa kipimajoto, lakini kwenye jiwe lake alitudanganya wote kwa macho makavu. Nilipomuuliza ipi ni kweli, alinijibu kwamba zote ni nzuri.

Tukiwa kidato cha tatu kipimajoto kilivunjika maabara. Vile vitone vya zebaki vikakimbia mezani, vinang'aa, na sisi kwa akili zetu tukaanza kuvichezea, tunavisukuma kwa vidole vikutane. Madam hakupiga kelele. Alisema "Nje," kwa sauti ya kawaida kabisa, tukatoka mbio. Alifungua madirisha yote, akakusanya vile vitone kwa karatasi, akamwaga unga wa salfa kwenye nyufa za meza, uoane na zebaki iliyobaki. Alipomaliza alitoka akatupanga mstari bombani tunawe. Mpaka leo nikiona kitu kinachong'aa kinadondoka, naanza kutafuta bomba.

Alipostaafu, ubishi wake ulihamia mjini. Kulikuwa na mnunuzi wa dhahabu aliyefungua chumba nyuma ya banda la chipsi. Wachimbaji wadogo wanamletea dhahabu ikiwa bado imeshikana na zebaki waliyoikamatia, bonge la kijivu, naye anaichomea humo humo ili zebaki ipae ibaki dhahabu. Moshi ulikwenda ulikokwenda. Madam alikwenda akamwambia, akaambiwa aende akapumzike. Kesho yake alirudi na kiti chake cha plastiki, akakaa katikati ya banda na kile chumba, akawa anawakaribisha wateja wa chipsi kwa adabu zote: "Karibu mwanangu, kula. Leo viazi vimetiwa zebaki." Muuza chipsi alimtukana asubuhi. Mchana, wateja walipokuwa wanapita mbali, akaanza kumuuliza maswali. Jioni walikuwa wote wawili mlangoni kwa yule mnunuzi. Haikuchukua muda jamaa alihama, akaenda kujenga nje ya mji sehemu ya kuchomea yenye chombo cha kuukamata moshi.

Na siku zote hizo Madam alikuwa amevaa hereni za dhahabu. Ya Mpanda hapa hapa, ya wachimbaji wale wale. Nikamwambia, "Madam, na hizo masikioni?" Akazigusa, akazitikisa kidogo. "Mimi nimegombana na moshi," alisema. "Nani kakwambia nimegombana na dhahabu?" Alizipenda zile hereni na alijua zinampendeza.

Yote haya nimeyasema ili ukifika kwenye habari ya mdogo wangu usishangae.

Mdogo wangu alisoma kwa Madam, miaka kadhaa baada yangu. Ni mchimbaji, ameoa Majimoto, na wakati huo mtoto wao wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Zebaki ilikuwa imeadimika machimboni, kila mtu analalamika. Asubuhi moja akanipigia simu, sauti imejaa furaha.

"Dada, lile jiwe la Madam nimelipata. Liko juu kidogo ya chemchemi. Jekundu vilevile. Huu ni mchongo wa maisha."

"Unataka kulifanyia nini?"

"Si nalichoma. Madam mwenyewe alisema moto unaitoa zebaki."

"Unachomea wapi?"

"Jikoni kwangu. Nimeshaziba madirisha na magunia, moshi usipotee bure. Zebaki yote itaganda kwenye mfuniko."

Niliita juu ya minyaa, simu bado iko hewani. Madam alikuwa anamwagilia mchicha wake. Nilipomaliza kueleza aliweka ndoo chini, akauliza kitu kimoja tu: "Mtoto yuko wapi?" Nikamwambia yuko nyumbani, na mama yake. Akaomba simu yangu, akasema ndani yake, "Mimi ni Madam. Ukiwasha huo moto kabla sijafika, usiniite mwalimu wako tena." Nikasikia upande wa pili mtu mzima mwenye ndevu anaitika, "Ndiyo, Madam." Akaingia ndani kuvaa viatu, akatoka na kitambaa chake cheusi na kipande cha kigae, tukaenda kutafuta gari la Majimoto.

Tulimkuta amekaa mbele ya jiko la mkaa, bado hajaliwasha. Sufuria iko tayari, mfuniko umefunikwa kitambaa kibichi, magunia yamepigiliwa misumari madirishani, na humo ndani giza na joto. Wifi yangu alikuwa kwenye kigoda mlangoni, ananyonyesha. Ukiangalia hesabu za mdogo wangu, zilikuwa zimekaa sawa kabisa. Alikuwa ameona watu wanachoma dhahabu maisha yake yote, anajua kwamba moshi ndiyo zebaki yenyewe, na kwamba moshi ukitoka nje ni hasara. Kwa hiyo akaufungia ndani, pamoja na mkewe na mwanawe.

"Wewe mama," Madam alimwambia wifi, "chukua mtoto ukakae kwa jirani." Akaanza kung'oa yale magunia kwa mikono yake. Mdogo wangu akainuka kumsaidia, hata sijui kama alitaka.

Kisha wakakaa nje, rundo la mawe katikati. Madam alimpa jiwe lake mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akawa anamwekea yale yake, moja baada ya jingine. "Linganisha." Mengi yalikuwa mepesi, na mdogo wangu alikuwa anayatupa mwenyewe kabla hajaambiwa. Mengine yalikuwa mazito kidogo, Madam akayakwaruza kwa msumari, msumari ukateleza. "Gumu mno. Hili ni jiwe la chuma." Rundo likaisha, kikabaki kipande kimoja. Wekundu wake ulikuwa umeingia kwenye jiwe jeupe, kwa hiyo uzito wake huwezi kuuamini. Kilikuwa laini. Madam alikisugua kwenye kigae kikaacha mstari mwekundu. Akasugua tena. Akakigeuza, akakisogeza karibu na macho.

"Hili," alisema, "sijui."

Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Mdogo wangu naye alilisikia, macho yakamwaka. "Si ndiyo maana tunalichoma, Madam? Tujue."

"Ukilichoma utajua. Na mwanao atajua kabla yako."

"Sasa bila moto tutajuaje?"

"Jua. Sinaba ikikaa juani inakuwa nyeusi. Niliwafundisha. Jiwe la chuma halina habari na jua. Niachie hili, nilianike kiangazi chote. Likigeuka nitakuita, lisipogeuka nitakuita."

Mdogo wangu akafikiri. Si mjinga, na hakuwa na nia mbaya. Ni mtu aliyekuwa ameona bahati yake imelala chini akaiokota. "Madam, kukuheshimu nakuheshimu," alisema, "lakini hilo la jua sijawahi kuliona kwa macho. Nitajuaje kama kweli linageuka? Weka na la kwako. La kwako likigeuka mbele ya macho yangu, nitaamini. Usipoliweka, mimi nikirudi ndani nawasha."

Nilimwambia anyamaze, ana adabu gani. Madam akanigeukia. "Nyamaza wewe." Alilitazama jiwe lake pale kwenye kiganja cha mdogo wangu, jekundu kama alivyolipokea kwa yule padri, au mkufunzi, au kwa jogoo. Yale mawe hayarudi rangi yakishageuka, hilo mimi na yeye tulijua. "Sawa," alisema. "Nitaliweka. Na wewe huwashi moto mpaka nikuite." Wakapeana mikono, halafu akamwambia akanawe.

Njiani kurudi tukaanza kuikaribia Mpanda. Ndipo akasema, kama anamwambia dereva, "Nilimfundisha somo lote. Yeye akabeba penye zebaki, akaacha penye moshi. Lakini pale penye zebaki ni mimi niliyempa." Nilimwambia asijilaumu, darasani watu husinzia. Akanijibu kwamba basi alipaswa kumwamsha.

Aliyaweka mawe yote mawili kwenye chupa za jemu, dirishani upande jua linapopiga, kila moja limefungwa kitambaa cheusi nusu yake. Chumba kile sasa ndimo alimokuwa anakunywa chai. Mdogo wangu alipiga simu: bado? Bado. Alipiga tena: watu wamesikia habari, wanataka waje wachukue mawe wakachome wenyewe. Madam aliomba simu, akamwuliza kama ana neno moja au mawili. Akasema ana moja. Nilikuwa naogopa, nasema ukweli. Kila simu ilipolia nilifikiri ni wifi, na kwamba ananiambia habari za mtoto.

Siku moja nilimkuta amekaa mbele ya zile chupa, chai imepoa. Akaniambia, "Nataka liwe lenyewe. Umri wote huu nimetaka liwe. Na kila nikisali naomba lisiwe." Nikamwuliza, likigeuka atamwambia kijana ukweli? Aliniangalia kama nimeuliza kitu cha aibu. "Nitamwambia. Kisha nitachukua kiti changu cha plastiki nihamie jikoni kwake." Na najua angefanya hivyo.

Kiangazi kilipokaribia kuisha alimwita. Mdogo wangu alikuja na mkewe na mtoto. Madam alifungua la kwake kwanza. Upande uliokuwa ndani ya kitambaa ulikuwa bado mwekundu wa kupendeza. Upande wa juani ulikuwa mweusi, mweusi wa kitako cha sufuria, na katikati mpaka umechorwa pale kitambaa kilipoishia. Mdogo wangu akapitisha kidole juu ya ule mpaka. Halafu Madam akafungua la pili. Lilikuwa jekundu huku na jekundu kule, halina mpaka wowote. Jua lote la kiangazi lilikuwa limepita juu yake bure.

Mtoto alikuwa anang'ang'ana kuishika miguu ya meza asimame.

"Kwa hiyo langu ni nini?" mdogo wangu aliuliza.

"Chuma. Kutu ya ardhi. Rangi nzuri sana, kapake ukuta."

Alicheka, kwanza kwa uchungu, halafu akacheka kweli. Na walikwenda wakapaka. Wifi aliyatwanga yale mawe mepesi akayachanganya na udongo, akapiga mkanda mwekundu chini ya ukuta wa jiko, ndani na nje. Ukifika Majimoto nitakuonyesha, unapendeza, na madirisha yana nyavu tu. Wale waliokuwa wanataka kuja kuchoma walionyeshwa ukuta. Mdogo wangu mwenyewe ndiye anawaeleza, kwa maneno ya Madam, kipindi kizima, asisaze hata pale penye moshi.

Madam hakukaa sana Kakese baada ya hapo. Magoti yalimsumbua, binti yake akamchukua Kapalamsenga, ziwani, ambako mume wa binti huyo ana mtumbwi na dagaa. Minyaa yetu ikaota ovyo. Mimi nilimkumbuka kuliko nilivyotarajia, na ungo wangu nilikuwa nauona upo tu, hauazimwi na mtu.

Mwaka huu nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta barazani, amepungua, hereni ziko palepale. Wajukuu wanageuza dagaa kwenye nyavu. Jiwe lilikuwa dirishani, wazi, bila kitambaa. Hakukuwa tena na upande mwekundu. Nilipoliona lile jeusi moyo uliniuma, nikashindwa kuficha. Yeye akalichukua bila haraka, akaliweka kwenye kiganja changu kabla sijakaa, akanitazama usoni. Mkono wangu ulishuka, vilevile kama siku ya kwanza, na yeye akacheka puani.

"Madam," nikasema, "rangi yote imekwenda."

"Mtoto wa mdogo wako anakohoa?"

"Hakohoi. Anakimbia, hashikiki."

"Haya," alisema, akilichukua jiwe lake. "Kanawe mikono."